Shajara ya nyumba ya waliotoka gerezani, Mwanza: tulichojaribu, kilichogoma na pesa iliyotumika

Hii ni kumbukumbu ya nyumba yetu ya kupokea wanaume wanaotoka gerezani, ipo upande wa Buhongwa. Sisi ni kikundi tu cha watu wa mitaa, Wakristo na Waislamu, wengi wetu tulikuwa tunaingia gereza la Butimba kwenye huduma za kiroho tukawa tunamuaga mtu leo alafu baada ya muda tunamkuta tena mulemule. Naongeza kipande kila hatua ikiisha ili mwenye nia ya kufanya hivi Musoma, Bukoba au Shinyanga asianzie sifuri. Majina ya wakazi siyaweki.

Oktoba 2024: hesabu ya kuanzia

Kwanza kuna kitu watu wanachanganya. Watu hawatoki gerezani kwa njia moja. Kuna aliyemaliza kifungo, kwa kawaida akiwa amepunguziwa theluthi kwa tabia njema, kuna wa msamaha wa Rais chini ya ibara ya 45 ya Katiba, kuna wa parole, yaani anayeachiwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, kwa sheria ya Bodi za Parole ya 1994, na kuna wanaotumikia adhabu uraiani kwa sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, hawa ni wale wa vifungo visivyozidi miaka 3. Wa parole na wa huduma kwa jamii wana mtu wa kuripoti kwake. Aliyemaliza na aliyesamehewa hawadaiwi na mtu, kwa hiyo pia hakuna mtu anayewafuatilia wamelala wapi. Tukaamua nyumba iwe ya hawa.

Nyumba ina vyumba vinne, sebule, choo cha ndani na cha nje, na uwanja nyuma. Kodi 250,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita mbele kwa hiyo 1,500,000, na dalali akachukua mwezi wake 250,000. Vitanda vya chuma vya juu na chini vitatu 840,000, magodoro sita 420,000, vyandarua, shuka, masufuria, ndoo na kandambili 310,000. Jumla 3,320,000 kabla hajalala mtu yeyote.

Kwenye ukuta wa sebule tulibandika kanuni ya 108 ya zile Kanuni za Nelson Mandela ambazo Umoja wa Mataifa ulipitisha 2015. Inasema anayetoka asaidiwe apate nyaraka na vitambulisho, mahali pa kukaa na kazi, nguo zinazofaa hali ya hewa, na pesa ya kumfikisha aendako na kumtunza siku za mwanzo. Tuliitumia kama orodha ya manunuzi. Angalia nyaraka zimetajwa mwanzo kabisa, sisi bajeti yetu ilianza na magodoro, na hiyo tofauti utaiona huko mbele imetugharimu.

Desemba 2024: mtaa ulikataa

Tulishaongea na mwenyekiti wa mtaa, mtu muungwana, akasema hana tatizo. Mazungumzo ya mdomo, tukiwa tumekaa kwake barazani. Alafu tarehe 27 Novemba ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa, akaingia mwenyekiti mpya ambaye hakuna anachojua, na cha kwanza alichosikia ni kwamba kuna watu wamepanga nyumba ya kuweka majambazi. Mwenye nyumba akaanza kupigiwa simu usiku. Akatuambia wazi, ndugu zangu nawarudishia hela yenu tuachane vizuri.

Tulimwomba atupe muda tukaitisha mkutano wa mtaa, tena tuliomba sisi wenyewe ufanyike uwanjani watu wote waje, badala ya kikao cha wajumbe peke yao. Watu walisema kila kitu na walikuwa na haki ya kusema, kuna baba mmoja aliibiwa ng'ombe wawili na aliyemwibia alifungwa na katoka, anamuona anapita. Huwezi kumwambia mtu kama huyo maneno matamu. Aliyegeuza mkutano ni mama mmoja jirani wa nyumba ya tatu, mtu mzima, akasimama akasema, "Nyie mnaongea kama hawa watoto wakitoka wanapaa mbinguni. Wanalala kwenye mapagala yetu. Mimi afadhali nijue kalala wapi na nani anamtazama."

Mtaa ukaweka masharti: daftari la wakazi likaguliwe na mjumbe kila wiki, asipokelewe mtu aliyefungwa kwa kosa la kudhuru mtoto kwa sababu shule ya msingi iko karibu, na nyumba ichangie ulinzi shirikishi kama nyumba nyingine. Yote tukakubali. Sharti la pili linatuuma kwa sababu hao nao wanatoka na wanalala mahali, ila kwa nyumba hii na eneo hili mtaa uko sahihi.

Marekebisho kwa anayefuata nyayo: usiishie kwenye neno la mwenyekiti. Pata muhtasari wa mkutano umeandikwa, umegongwa muhuri, nakala moja kwa mtendaji wa kata, moja kwa mwenye nyumba na moja kwako. Viongozi wanabadilika na ile karatasi inabaki kwenye faili. Gharama ya hatua hii ilikuwa nauli, viti vya kukodi na soda, kama 65,000, na ndiyo hela iliyofanya kazi kubwa kuliko zote mpaka leo.

Januari 2025: wakazi wa kwanza, na mambo ya milango

Tulipokea wanne. Mlezi wa nyumba ni mzee ambaye na yeye aliwahi kufungwa, katoka zamani, anafuga kuku na kila mtu mtaani anamheshimu. Posho yake 200,000 kwa mwezi. Kama una hela ya kulipa mtu mmoja tu, mlipe mtu wa namna hii, awe na shahada ya ustawi wa jamii asiwe nayo.

Siku za mwanzo mkazi mmoja alikuwa akifika kwenye mlango wa jikoni anasimama. Mlango uko wazi kabisa, sufuria inaonekana, uji unanukia, yeye kasimama hatua moja nje, mikono kaishusha, anaangalia chini. Tulidhani anaona aibu kula. Mlezi akamwambia kwa upole, "Pita baba, hapa hakuna wa kukufungulia." Akapita. Kesho yake hivyohivyo. Amekaa miaka ambayo kila mlango ulifunguliwa na mtu mwingine, na usiku alikuwa anaamka alfajiri anachutama pembeni ya kitanda akisubiri kuhesabiwa, wenzake wanamwita jina lake ndo anakumbuka alipo.

Na sisi ukutani tulikuwa tumebandika sheria nyingi sana za nyumba, saa ya kuamka, saa ya kurudi, kuitana majina asubuhi. Mlezi akasema hii karatasi ni ya nyapara, akaibandua. Zikabaki tatu walizokubaliana wenyewe jioni moja wakila: pombe na bangi haviingii ndani, ukichelewa piga simu kwa mzee, na zamu ya kupika hairukwi. Alafu tukanunua makufuli sita ya 6,000 kila moja, kila mtu na kisanduku chake na ufunguo wake, tukachonga na funguo za mlango mkubwa, kila mkazi wa kwake. Kamati ilibishana sana hapo. Kuna waliosema utampaje ufunguo wa nyumba mtu aliyefungwa kwa kuvunja nyumba. Mpaka naandika hapa hakuna kilichopotea, na yule wa mlangoni siku hizi ndiye anafungua geti asubuhi.

Februari 2025: karatasi

Hapa ndo mradi ulikwama kabisa. Mkazi hana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Bila NIDA hasajili laini maana laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya taifa, bila laini hana simu wala pesa ya simu, bila simu fundi hawezi kumwita kwenye kazi na tajiri hawezi kumlipa. Kuomba NIDA wanataka cheti cha kuzaliwa au nyaraka nyingine zinazomtambulisha, na barua ya mtaa. Barua ya mtaa inatoka anakoishi, ila mtaa wetu hawamjui, na kijijini kwao wanasema alishaondoka. Wengine walikuwa na vitambulisho kabla ya kukamatwa na havijulikani vilikoishia.

Tulijaribu kumsajilia mkazi laini kwa jina la mwanakikundi. Usifanye hivyo. Ni kosa kisheria laini kutumiwa na mtu asiye mwenyewe na mwenye jina ndiye ataulizwa ikitokea shida, na mkazi anaishi na hofu nyingine juu ya alizonazo. Laini hizo tulizirudisha.

Kilichofanya kazi ni kuanzia ndani. Tuliomba kuonana na maafisa ustawi wa gereza tukapanga kwamba mtu akiwa amebakiza kama miezi mitatu tunaanza kumtafutia nyaraka zake kabla hajatoka: tunapiga simu shule aliyosoma, tunamtafuta mama au shangazi mwenye kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, chochote. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinaombwa kwa kutumia hivyo. Akitoka, ile barua ya gereza inayoonesha ameachiwa inawekwa kwenye bahasha ya plastiki siku hiyohiyo na tunatoa kopi, kwa sababu ikilowa au ikipotea polisi wakimsimamisha njiani hana cha kuonesha. Mtaa nao ukakubali kwamba aliyeandikwa kwenye daftari la mjumbe anahesabika mkazi na anapewa barua.

Kwa mtu mmoja nauli, kopi, picha na ada za hapa na pale zimetufikia wastani wa 45,000. Iweke mstari wa kwanza kwenye bajeti.

Machi na Aprili 2025: ziwani

Mwanza ukisema kazi ya haraka kila mtu anakwambia ziwa. Tukawatuma wawili kambini visiwani kwenye dagaa. BMU, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia mwalo (pale mitumbwi inaposhusha samaki), wakataka barua ya utambulisho, tulikuwa nazo safari hii, wakapokelewa vizuri. Kazi yenyewe ndo haikutufaa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika, kwa hiyo kuna siku nyingi mfululizo mtu yuko kambini hana kipato ila anakula. Anakula kwa mkopo wa tajiri. Giza likirudi analipa deni kwanza, mafuta yanatolewa, chakula kinatolewa, kinachobaki wanagawana. Na siku hizo za mbalamwezi kambini ni gongo na kamari. Mmoja alirudi akiwa anadaiwa zaidi ya alichopata, mwingine alikaa mpaka tukamfuata. Siwasemi vibaya wavuvi, kuna watu wamejenga kwa kazi hiyo, ila mtu aliyetoka gerezani juzi anahitaji kulala nyumbani na kulipwa kwa wiki.

Tukahamia nchi kavu. Tukatengeneza vichanja vya kuanikia dagaa, vitatu, miti na nyavu na misumari 120,000 kila kimoja, jumla 360,000. Dagaa wa kichanjani hawana mchanga na wanapata bei nzuri kuliko wa kuanika chini. Ila tulianza katikati ya masika! Ndoo 20 za dagaa wabichi kwa 9,000, yaani 180,000, zikanyeshewa mfululizo, zikaanza kunuka, tukaziuza kwa wa chakula cha kuku 60,000. Hasara 120,000. Tukanunua maturubai mawili 170,000 na kupunguza mzigo mpaka mvua zikate.

Wakati huohuo kina mama wanaoanika pale walitununia, na walikuwa na sababu, mwalo ni riziki yao na sisi tumekuja na mtaji wa michango. Mlezi akaenda kukaa nao. Wakamwambia, "Vichanja vyenu vizuri mzee, kwanini msitujengee na sisi?" Kumbe kati ya wakazi wetu, wawili walijifunza useremala gerezani. Tukaacha biashara ya dagaa tukawa tunajenga vichanja, mteja analeta miti na nyavu, sisi tunachukua ufundi 25,000 kwa kichanja. Baadaye wakaanza kuitwa kutengeneza meza za mwaloni, milango na mabanda ya kuku. Mmoja tumemwandikisha kwenye utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kumpima mtu ujuzi aliojifunzia nje ya darasa ili apate cheti kinachotambulika.

Mwishoni mwa Aprili 2025: msamaha wa Muungano

Misamaha huwa inatoka siku kama 26 Aprili na 9 Desemba. Tulijua tarehe ila hatukuwa na njia ya kujua majina mapema, na wa msamaha hana ile miezi mitatu ya kutafutiwa karatasi. Watu walikuja nyumbani kuliko vitanda, wengine hawajala. Tuliweka magodoro sebuleni, chakula cha mwezi mzima kikaisha kabla ya nusu ya mwezi.

Suluhisho tuliloweka: kila kuelekea tarehe hizo mbili tunatenga 400,000 ya nauli peke yake. Wengi waliokuja hawakutaka kukaa, walitaka kufika Ukerewe, Magu, Geita, kwao, ila hawana hata mia. Unampa chakula, anaoga, anapiga simu nyumbani kutangulia, unampandisha gari au meli. Vitanda vinabaki kwa wasio na pa kwenda.

Juni 2025: wiki mbili za kwanza

Nitasema kwa ufupi maana inauma. Kijana mmoja aliyewahi kutumia unga (heroini) kabla ya kifungo alitoka nyumbani kwetu jioni, akakutana na marafiki wa zamani, akatumia kiasi kilekile alichozoea zamani. Mwili ulishasahau. Dereva wa bodaboda ndiye alimkuta, akawahishwa hospitali, amepona.

Hili jambo linajulikana. Utafiti wa jimbo la Washington Marekani uliochapishwa 2007, wa watu zaidi ya 30,000 waliotoka magereza, ulikuta wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa ni karibu mara 13 ya watu wengine, na kilichoongoza ni kuzidisha dawa. Sasa hivi kila anayeingia tunamuuliza waziwazi, bila kumhukumu, na tunamwambia hivi: ukirudia kipimo cha zamani utakufa. Aliye tayari anasindikizwa kliniki ya methadone, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, hospitali ya Sekou Toure. Mlezi anamsindikiza asubuhi kwa sababu akienda peke yake anapita vijiweni, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni sehemu ya gharama usiisahau.

Na kifua kikuu hivyohivyo. Dozi ya kawaida ni miezi 6 na mtu anaweza kuachiwa katikati. Tunauliza kadi ya dawa siku ya kwanza, tunampeleka kituo cha afya cha karibu aandikishwe kabla dawa alizotoka nazo hazijaisha.

Agosti 2025: nyumbani kwao

Lengo halikuwa mtu akae kwetu milele. Tumeweka miezi sita, inaongezwa kwa makubaliano. Shida ni kwamba kurudi kwao mara nyingi kuna kesi imelala. Yule fundi wa vichanja kwao ni Sengerema, kaka yake aliuza shamba la marehemu baba yao wakati yeye yuko ndani, akisema hela ililipa wakili. Mkazi anasema wakili hakumuona. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni safari imekuwa rahisi, hakuna kusubiri kivuko, tukaweza kwenda na kurudi siku moja na mlezi na mzee mmoja wa kanisa.

Mara ya kwanza tulienda na mkazi mwenyewe, kaka mtu akaondoka kabla hatujakaa. Baadaye tukaenda bila yeye. Tulikaa na mama yao, tukasikiliza, hatukutaja shamba. Mama akauliza kitu kimoja tu, "Ng'wanawane (mwanangu) anakula?" Tukampigia simu wakaongea. Baada ya hapo kaka ndiye alipiga simu mwenyewe. Shamba limeshauzwa na halirudi, kakubali kumkatia eneo la kujenga kwenye kiwanja cha mama na wameandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Utaratibu wetu sasa ni huo, safari ya kwanza wanaenda wazee bila mkazi.

Oktoba 2025: hali ilivyo

Kwa mwezi nyumba ikijaa watu sita: kodi 250,000, chakula cha 3,500 kwa mtu kwa siku kinafika 630,000, maji 30,000, luku 25,000, mlezi 200,000. Jumla 1,135,000, karibu 190,000 kwa mtu. Wenye kazi wanachangia 1,500 kwa siku, walipendekeza wao. Michango ya misikiti na makanisa inafunika sehemu kubwa ila haina uhakika, kuna mwezi tulikula ugali na mapanki (mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kutolewa) mfululizo. Tumeandaa kikundi cha vijana waombe ile asilimia 4 ya mikopo ya halmashauri, wanachama wote wana NIDA, karatasi ziko kwa afisa maendeleo ya jamii.

Mwezi uliopita mtaa uliitisha msaragambo wa kuzibua mtaro, wakazi wetu walitoka wote na majembe. Yule baba wa ng'ombe alikuwepo, walichimba upande mmoja. Hakusema kitu na hatukutegemea aseme.

Tunachoshindwa mpaka leo ni wanawake. Alikuja dada mmoja na mtoto mgongoni, nyumba ni ya wanaume hatuwezi kumpokea. Yule mama jirani aliyesimama mkutanoni akamchukua kwake, tunamlipa 120,000 kwa mwezi ya chakula na chumba, na kwa kweli dada kashika njia haraka kuliko wakazi wetu wengi, yuko nyumbani kwa watu, anapika, mtoto anacheza na wenzake. Kwa hiyo kabla ya kufikiria kupanga nyumba ya pili tunajaribu kupata familia nyingine mbili za kupokea kwa mpango huohuo, moja Igoma na moja Ilemela. Mazungumzo na wenyeviti wa mitaa hiyo yanaanza Novemba, kwa barua, kabla ya msamaha wa 9 Desemba.